Kiraka cha Asubuhi ya Ubatizo

Ashukuriwe Mungu aliyenihifadhi hadi uzee huu, nikaweza kuyakumbuka mema yake, hata yale madogo ya njiani.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mama yangu, aliyekuwa amekataa ubatizo maisha yake yote, alikubali. Mchungaji alifika upande wetu mara chache, na Jumapili ile ya ubatizo ikipita, hatukujua kama mama angeiona nyingine. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Nikakunja blanketi juu ya keria ya baiskeli, nikampakia, tukaondoka asubuhi kuelekea kanisani Nyaishozi. Kabla hatujafika, gurudumu la nyuma likapata pancha.

Tulimkuta fundi kando ya barabara. "Shikamoo, bibi," akamwamkia mama, kisha akanionyesha alichonacho, maana baada ya vita vitu vilikuwa vya shida. Alikuwa na viraka vilivyokatwa kwenye tyubu ya gari na vingine vya tyubu ya baiskeli. Cha gari kilionekana imara, lakini ni kinene. Gurudumu likibeba mtu, kingo za kiraka kama hicho huinuka. Nikachagua chembamba cha mviringo, kisicho na pembe ya kubanduka. Solusheni, ile gundi ya viraka, ya kwenye kopo ilikuwa imezimuliwa kwa petroli, inateleza kama uji. Nikaomba ile halisi iliyobaki kidogo ndani ya tyubu yake ya kukamua, kama ya dawa ya meno.

Nikaikwangua tyubu mwenyewe kwa msasa penye tundu, nikaipaka gundi pamoja na kiraka, nikaketi.

"Mbona hubandiki?" mama akauliza.

"Nangoja ikauke, mama."

"Gundi ikikauka itashika nini? Utomvu wa mgomba hushika ungali mbichi!"

Fundi akacheka. "Bibi, akibandika mbichi mtarudi kwangu kwa miguu."

"Kwa miguu ya nani?"

Ng'ambo ya migomba tukasikia ngoma ya kanisa ikilia kuita watu ibadani. Mkono ulitamani kubandika. Mama akaniangalia, akatulia. "Basi ngoja. Mungu amenisubiri mpaka meno yameisha, hataniacha kwa ajili ya gundi."

Nikaigusa, haikufuata kidole. Nikabandika, nikakandamiza kwa nguvu, tukaijaza tyubu upepo na kuizamisha kwenye beseni. Hakuna povu lililopanda.

Tulifika wangali wakiimba. Mama akakataa mkono wangu, akatembea mwenyewe hadi mbele, polepole, na mchungaji akamngoja.

Nawe unayesoma, Bwana akulinde njiani, akutulize moyo unapongoja, na akufikishe salama.