Nilisema Nilikuwa Dereva

Kijiwe chetu cha drafti hapa Bariadi kina sharti ambalo vijiwe vingine havina. Mgeni hashiki kete mpaka ajieleze. Anasimama, miguu pamoja, anataja alikotumikia na kazi aliyofanya, kisha anakaa na kufungwa, maana wageni karibu wote hufungwa. Sharti liliwekwa na sajenti mstaafu mwenye gereji ya baiskeli, ambaye ubao ni wake, benchi ni lake na hata kivuli cha bati ni chake. Wengi tunaokaa pale tumevaa kombati. Wapo wa vita vya Uganda, ambao sasa wanatafuna kwa ufizi, na tupo sisi wa juzi, wa kulinda amani. Chumvi inaruhusiwa. Mmoja wetu huua maadui wengi zaidi kila mwaka unapoisha, na hakuna anayemkatiza. Ila kazi yako huitii chumvi. "Kama ulipika, sema ulipika," sajenti husema. "Sisi tulikula, na njaa haikutuua."

Mimi nilisema nilikuwa dereva.

Nilikuwa mwosha maiti. Kule Kongo, wenzetu walipouawa, mimi ndiye niliyewapokea, nikawaosha, nikawavalisha, nikafunga sanduku. Jeshini kazi hiyo ilinipa heshima, hata wakubwa walinisalimia kwa jina. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Wiki niliyorudi shemeji yangu aliniuliza nilikuwa nafanya nini huko. Nikamwambia, naye akautoa mkono wake kwenye sahani tuliyokuwa tunakula pamoja. Alinawa, akatoka nje. Baada ya hapo hata mke wangu alinitengea kikombe changu. Basi nilipofika kijiweni nikiwa na hamu ya watu, ulimi ukasema dereva, na sajenti akaniambia kaa. Nilifungwa mara tatu mfululizo, nikacheka kama mjinga kwa furaha.

Ukitaka kuniita mwongo, niite. Mimi nimeshajiita.

Kuna baba mmoja wa Shishiyu aliyekuwa anakuja kila siku ya mnada. Mkulima wa pamba, aliyekwenda vita vya Uganda akiwa mgambo, na mchezaji mbaya kuliko wote. Alisukuma kete kwa adui kana kwamba anawamwagia kuku mtama. Hakuja kucheza. Mwanawe wa pekee alikuwa askari, akafa Kongo gari lao lilipowaka moto. Sanduku lilifika limefungwa na wakaambiwa lisifunguliwe. Wakazika. Tangu siku hiyo mke wake alikataa kwamba amefiwa. Hakukaa matanga, hakulia, alisema amezikishwa mbao na mwanawe yuko hai mahali fulani. Baba alikuwa anatafuta mtu mmoja tu aliyemwona kijana kwa macho yake, akamwambie yule mama. Ndiyo maana alipanda basi kila mnada kuja kukaa na wanajeshi.

Siku aliyosikia kwamba nami nilikuwa Kongo, alihama upande wake wa benchi akaja kukaa nami bega kwa bega.

"Ngosha, ulikuwa kule mwaka ule?"

"Nilikuwa, baba."

"Mwanangu ulipata kumbeba kwenye gari lako?"

"Hapana, baba. Madereva tulikuwa wengi."

Nilimjua. Jina lake nililiandika kwa mkono wangu juu ya sanduku. Nilinyamaza kwa sababu kusema kungenitoa kwenye benchi lile, na lilikuwa mahali pekee Bariadi ambapo watu walinishika mkono bila kuwaza. Nikajiambia nitamweleza mnada ujao. Minada ikapita, ikawa miaka miwili. Kila alipokuja, alimsimulia mwanawe upya tangu unyayo hadi meno, nasi tukaitikia huku tukizila kete zake. Mara za kwanza nilitokwa jasho. Baadaye nilizoea, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi nikijikumbuka.

Msimu huu, pamba ilipoanza kupokelewa kwenye ghala la ng'ambo ya barabara, akaja mgeni kutoka Maswa, mstaafu wa mawasiliano. Sajenti akampa sharti. Akasimama, akataja Kongo, akataja redio yake, halafu macho yake yakaniangukia.

"Afande! Jamani, mnajua mnakaa na nani? Huyu ndiye aliyewaosha wenzetu. Bila yeye wangerudi kwao kama mizigo."

Alikuwa ananisifu. Alinikumbatia mbele ya watu wote, na mimi nikabaki mikono imening'inia. Sajenti aliweka chini kete aliyokuwa ameishika. Baba wa Shishiyu akainuka, akaja kwangu taratibu, akapiga goti. Mzee yule, mbele yangu! Nilimshika mabega nimwinue, akagoma.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Alikuwemo ndani?"

"Alikuwemo. Mimi ndiye niliyemweka."

Akalia kwa sauti, pale pale, watu wa gereji wakiangalia. Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Alinishika mkono akasema twende kwa mama wa kijana sasa hivi.

Huko Shishiyu tulimkuta mama uani, anachambua pamba kwenye mkeka. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia na kunionyesha kigoda. Nikaeleza yote, kuanzia gari lilivyoletwa mpaka msumari wa mwisho. Hakunikatiza, na mikono yake haikuacha pamba.

"Ulimjuaje?" akauliza nilipomaliza.

"Uso haukuwepo, mayu. Sitakudanganya. Tulimjua kwa jino. La chini, limeota nyuma ya lingine."

Baba akapiga mapaja. "Unasikia? Jino lake!"

Mama alimgeukia mumewe. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto kujumlisha.

"Hilo jino hujawahi kulisema huko kwenye drafti?"

Baba akaacha kupiga mapaja. "Nimelisema."

"Na huyu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alikuwa anasema yeye ni nani?"

"Dereva," akasema baba, na sauti yake ikapungua.

"Lakini mgeni wa Maswa ameshuhudia kazi yangu," nikadakia.

"Ameshuhudia uliosha watu. Hakusema ulimwosha wangu." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, ungekuja mwanzoni, kabla huyu mzee hajafungua mdomo, ukanitajia lile jino, ningelia siku hiyo hiyo. Sasa umeniletea maneno ya mume wangu."

Nikaapa. Nikatafuta kichwani kitu kingine ambacho baba hakuwahi kukisema, kovu, alama, chochote. Moto haukuwa umeacha kitu. Nililia mimi, si yeye. Alinipa maji ya kunywa, akarudi kwenye pamba yake.

Baba alinisindikiza mpaka barabarani. Asubuhi alikuwa ameniamini kabisa. Sasa alitembea hatua mbili mbele yangu. Karibu na njia kuu akasimama.

"Lilikuwa upande gani?"

"Kushoto, baba."

Akapitisha ulimi kwenye meno yake mwenyewe, kushoto, kisha kulia, akijaribu. Nilimwona anavyohangaika.

"Upande sikuwahi kuusema," akasema. "Lakini nimesahau. Nilikuwa naukumbuka."

"Turudi tukamuulize mama."

"Atasema kulia," akanijibu. "Hata kama ni kushoto, atasema kulia."

Akanipa mkono, akageuka kwake.

Kijiweni nilisimama tena, miguu pamoja, nikajieleza kama mgeni. Sajenti alisema tu kwamba ningewaambia mapema wangenipa kiti cha mbele, kisha akanisogezea ubao. Wananishika mkono kama zamani, na tunakula mihogo kwenye sahani moja. Kumbe nilichokuwa naogopa hakikuwepo kwa watu wale. Hata sasa nikikumbuka hilo napandwa na hasira, na hasira yenyewe haina wa kumwendea ila mimi.

Baba wa Shishiyu hajaja tena. Sajenti alidhani anaumwa, nikamwambia ni mzima. Pale benchini hana tena mtu wa kumtafuta.