Sumaku ya Beki wa Mwisho

Glenys Mibus aliendesha basi la shule la Kulgoora, mji mdogo wa wakulima huko Australia, kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alilinunua. Shemeji zake walimuuliza mjane wa miaka sitini na tatu anataka basi la viti arobaini la nini. Jumamosi iliyofuata alilipeleka uwanjani, akaliegesha ukingoni, pua ikitazama nguzo nne za upande wa maghala ya ngano, akafungua mlango na kumimina chai. Kufikia robo ya pili ya mchezo viti vyote vilikuwa na watu wenye mablanketi magotini, na kila mmoja alikuwa na maoni.

Kulgoora mpira, ule wa Kiaustralia unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, hutazamwa kutoka ndani ya magari. Upepo wa majira ya baridi hutoka mashambani bila kitu cha kuuzuia, na magari hupangwa kuuzunguka uwanja kama ng'ombe kwenye bwawa. Timu ya nyumbani ikipitisha mpira kati ya zile nguzo mbili ndefu za katikati, hilo ni bao, pointi sita, na honi zote hulia kwa pamoja. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, ni pointi moja tu, na kwa pointi moja hakuna mtu anayegusa honi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja. Honi ya basi la Glenys ilikuwa mama wa honi zote.

Ndani ya basi hilo ndimo timu ilimopangwa upya kila wiki. Nani acheze mbele, nani arudishwe nyuma, nani abaki kwenye orodha mwakani na nani aambiwe asante. Wengine walikuja na takwimu kwenye simu. Reg Pilkey, fowadi wa zamani mwenye miaka sabini na saba na picha yake ukutani klabuni, alikuja na magoti yake mabovu na sauti yake kubwa. Glenys alikuwa na kioo. Wachezaji karibu wote alikuwa amewatazama kwenye kile kioo cha juu ya kichwa cha dereva tangu wakiwa na miaka mitano, na aliamini kwamba mtu hubaki vile alivyokuwa kwenye kiti chake cha basi.

"Aliyekaa nyuma kabisa akirusha maganda ya machungwa na kukana, huyo fowadi," alikuwa akisema. "Aliyekaa katikati akijua ugomvi wa kila mtu, huyo kiungo. Na Dean Altmann?"

"Tumeanza," Reg angeguna.

"Dean alikaa kiti cha kwanza, mlangoni, miaka kumi na miwili. Asubuhi ya ukungu, mimi sijaona kitu, mkono wake unainuka tu. Hasemi neno. Nakanyaga breki, na kweli, kangaruu huyo anakatiza. Hatukugonga hata mmoja, Reg! Mtu anayeona hatari kabla haijafika mnamweka mbele afunge mabao? Mpelekeni nyuma kabisa, awe beki wa mwisho."

"Deano ni fowadi, Glen. Baba yake fowadi, babu yake fowadi."

"Babu yake alikuwa fowadi kwa sababu hakupenda kukimbia."

Basi zima lingecheka, na Reg angegeukia dirisha kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

Lakini mwaka ule kicheko kilikuwa kimeanza kuuma. Dean alikuwa na miaka thelathini na minne. Mabao yake ya msimu mzima yalihesabika kwa vidole, na kocha mpya, Jarrod Noske, kijana kutoka mji mkubwa, alikuwa ameleta fowadi mwingine mwenye miguu mipya. Timu ilikuwa imefika mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na ingekutana na Minyah. Mji mzima ulikuwa umepagawa. Hata mwokaji mikate alikuwa amepaka dirisha lake rangi za klabu. Na kila mtu alijua Dean ataingia koponi.

Kopo lilikuwa la biskuti, la zamani, likikaa chini ya ubao katika ukumbi wa klabu. Kila Alhamisi baada ya mazoezi, kocha alipanga timu kwa sumaku ndogo zenye majina kwenye ubao wa kijani, ishirini na mbili, kila moja mahali pake, na sumaku zilizobaki zikatupwa koponi. Kisha wachezaji na wazee na wake na watoto walikula pamoja, na kocha akasoma majina. Kwa mchezaji wa miaka ishirini, kopo ni wiki moja mbaya. Kwa mwenye thelathini na minne, mwishoni mwa Agosti, msimu ukikaribia kuisha, ni kustaafu bila hotuba.

Alhamisi ile Jarrod alimaliza kupanga ubao mapema, akatoka tena uwanjani. Ukumbini walikuwa Glenys na Reg peke yao, wakipanga sahani. Glenys aliuendea ubao. Mahali pa beki wa mwisho palikuwa na Hamish Wundke, kijana hodari. Alichungulia koponi. Sumaku ya Dean ilikuwa juu kabisa, jina likimtazama.

"Usiguse," alisema Reg.

"Siigusi. Nakuonyesha."

"Kuonyesha bila kugusa ni kwa macho, Glen."

Alikuwa ameshaichukua. Aliitoa sumaku ya Hamish, akabandika ya Dean mahali pake, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyetundika pazia. "Sasa tazama. Jitu la Minyah, yule fowadi wao Veitch, litasimama hapa. Hamish atamkimbiza. Dean hatamkimbiza. Dean atakuwa ameshafika."

Reg aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. Alikuna kidevu. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayetoa jino: "Si mbaya."

Katika miaka kumi na moja ya mabishano Reg Pilkey hakuwahi kusema maneno hayo, na ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Glenys alijaa furaha mpaka masikioni. Kwa hiyo sauti ilipopigwa kutoka jikoni kwamba kuku wanaungua, alikimbia huku anacheka, na sumaku ya Hamish ikiwa mfukoni mwa aproni.

Dakika kumi baadaye alikuwa kwenye dirisha la jikoni akipakua, kijiko cha viazi mkononi, Dean alipofika mbele yake. Nywele zake zilikuwa mbichi kwa maji ya bafu. Wenzake wote walimwita dereva wao wa zamani Glen. Yeye peke yake hakuwahi kuacha jina la kwenye basi.

"Bi Mibus. Umeuona ubao?"

"Ubao gani, Dean?"

"Beki wa mwisho! Mimi! Nilikuja hapa kusikia nimeachwa, nilikuwa nimeshajipanga niseme nini." Alicheka. "Nimeshampigia mama. Amelia kwenye simu. Dada anamleta kutoka Adelaide, wanaondoka kesho asubuhi."

Mkono wa Glenys ulishuka mfukoni wenyewe na kuigusa ile sumaku, ndogo, baridi kama sarafu. Viazi vikaanguka nje ya sahani.

Alimkuta Jarrod kwenye ujia, karatasi ya majina mkononi, bado hajaingia ukumbini. Alimweleza yote kwa pumzi moja, bila kujitetea. Kocha alimtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni.

"Umebadilisha timu yangu? Ya mechi ya mtoano?"

"Nilikuwa namwonyesha Reg."

"Ulikuwa unamwonyesha Reg!"

"Nitamwambia Dean mwenyewe. Sasa hivi. Kosa ni langu."

Kupitia kioo cha mlango walimwona Dean katikati ya vijana. Alikuwa amesimama kwenye kiti, akiwaonyesha kwa mikono jinsi atakavyombana Veitch, na wale vijana, ambao nusu yao walizaliwa yeye akiwa tayari anacheza, walikuwa wakipiga meza. Macho ya Jarrod yalipita juu yao. Nyuma ya kundi Hamish alikuwa amekaa, mguu mmoja ameunyoosha, anasugua paja kwa siri.

"Huyo amemaliza mazoezi akichechemea, akidhani sijaona," kocha alisema hatimaye. "Nimetoka kwenda kumuuliza, akanidanganya usoni. Ningelala nikiwaza. Basi, Deano abaki ubaoni." Alinyoosha mkono, na Glenys akampa sumaku. "Lakini sikiliza, mama. Siamini habari zako za kangaruu. Deano akichemsha mbele ya mama yake, aibu hiyo umempa wewe, si mimi."

Kisha akaingia akasoma majina, na jina la Dean likapokelewa kwa kelele iliyotikisa madirisha. Glenys hakulisikia jina lingine lolote.

Jumamosi magari yalianza kufika kabla ya saa nne asubuhi. Kufikia saa nane mchana hapakuwa na pengo hata la baiskeli ukingoni. Bi Joyce Altmann, mama yake Dean, alipandishwa kwenye basi na binti yake, akatazama huku na huku, kisha akakaa kiti cha kwanza, mlangoni. Hakujua. Glenys alimfunika blanketi na hakuweza kumtazama machoni.

Robo ya kwanza ilikuwa mateso. Veitch alikuwa na urefu wa mlango na upana wake. Mpira wa kwanza aliudaka juu ya kichwa cha Dean, akafunga. Wa pili, vilevile. Wa tatu Dean aliteleza, na jitu likafunga likitembea.

"Mrudisheni mbele!" mtu alifoka kutoka nyuma ya basi. "Nani amempanga huyu mzee hapo?"

"Ndiyo, nani?" Reg alisema kwa upole, akimtazama Glenys, mdomo umejaa pai.

"Reg, meza hiyo pai kabla sijaisukuma mimi."

"Nauliza tu. Labda ni upepo ulipanga."

Bi Joyce alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. "Hajawahi kucheza huko nyuma," alisema, si kwa mtu yeyote. "Kwa nini wamemweka huko?" Glenys alikumbuka maneno ya kocha. Aibu umempa wewe.

Ilikuwa katikati ya robo ya pili ndipo alipouona mkono.

Minyah walikuwa mbali bado, mpira mikononi mwa kiungo wao, naye hajaupiga. Dean alimwacha Veitch. Alimwacha kabisa, peke yake, akaondoka kuelekea mahali patupu, na watu ndani ya basi wakapiga ukelele. Mkono wake wa kulia uliinuka, si kwa haraka, kiganja wazi, bila neno. Beki wa pili aliuona akakimbilia kwa Veitch. Na mpira ukapigwa, ukaja, ukashuka pale patupu, kifuani mwa Dean Altmann.

Mguu wa Glenys ulikuwa umekanyaga breki.

"Umeona?" alinong'ona. "Reg, umeona?"

Reg alikuwa ameacha kutafuna.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu aliyekaa. Mkono uliinuka tena, na tena. Dean hakuwa akikimbia kwa kasi kuliko zamani. Alikuwa tu ameshafika. Fowadi mpya wa Jarrod alifunga manne, honi zikalia mpaka kunguru wakahama maghalani, na zikiwa zimebaki dakika mbili Kulgoora walikuwa mbele, sabini na moja kwa sitini na tisa. Mvua nyembamba ilianza. Madirisha ya basi yalikuwa yamejaa ukungu wa pumzi, na watu waliyafuta kwa mikono ya makoti.

Kisha ukaja mpira wa mwisho. Ulipigwa kutoka mbali, juu sana, ukielekea moja kwa moja katikati ya nguzo ndefu, na chini yake walikuwa wamekusanyika Veitch na Minyah wengine wawili, na Dean. Bao lingewamaliza. Wote wanne waliruka. Kwa kitambo kile, mpira ukiwa unaning'inia mvuani, Bi Joyce alimshika Glenys mkono, na Glenys akaushika wa kwake kwa nguvu zote.

Dean hakujaribu kuudaka. Aliupiga ngumi. Aliupiga kwa nyuma na kwa pembeni, nje ya nguzo ndefu, akiwapa Minyah pointi yao moja kwa mkono wake mwenyewe. Sabini na moja kwa sabini. King'ora cha mwisho kikalia.

Kwa sekunde moja uwanja mzima ulihesabu. Glenys hakuhesabu. Alijirusha kwenye usukani akaikandamiza honi kwa viganja viwili, honi ya basi la shule, kwa ajili ya pointi moja, pointi ya Minyah. Gari la jirani likaitikia. Kisha lingine, kisha pikapu zote za upande wa kantini, mpaka mlio ukauzunguka uwanja wote na kurudi ulikoanzia.

"Umempigia honi adui!" Reg alipiga kelele, machozi yakimtiririka.

"Nimempigia Dean!"

Bi Joyce alikuwa ameshashuka kwenye ngazi, bila blanketi, anakwenda kwenye matope kwa viatu vya kanisani.

Walipokuwa wakikunja vitu, pai za kantini zimekwisha na watu bado hawataki kuondoka, Reg alikuwa ameshapata nafasi ya kufikiri.

"Angeudaka ule," alisema.

"Angeudaka vipi, na watu watatu mgongoni?"

"Mimi ningeudaka."

"Wewe ungekuwa mbele, Reg, umesimama, unasubiri uletewe."

Mlango wa basi uligongwa. Jarrod Noske alikuwa amesimama nje, koti limelowa, sauti imemwisha kwa kupiga kelele. Aliwatazama wote wawili.

"Alhamisi ijayo," alisema, "nitapanga ubao nikiwa nimefunga mlango kwa ufunguo."

"Haki yako," alisema Glenys.

"Na huo ufunguo nitalala nao." Aligeuka kuondoka. Alipiga hatua tatu, akasimama, akakuna shingo, akarudi mpaka kwenye ngazi ya kwanza na kushusha sauti. "Hamish je? Yeye alikuwa akikaa kiti gani?"

Glenys alivuta pumzi. Nyuma yake Reg alikuwa ameshaanza kupinga.