Sungura wa crochet aliyetaka kuninyang'anya binti yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Kama kuna mtu ananizidi umri namwamkia kwa heshima zote, ingawa sidhani yupo.

Nakaribia miaka tisini. Naishi Kiamunyi, hapa Nakuru. Ninayoandika hapa ni ya kweli na sina sababu ya kuongeza chumvi. Daktari alishanikataza chumvi.

Kilichonileta ni hiki. Mjukuu wangu wa kiume, wa mtaa wa Section 58, aliweka hapa picha za toys anazoshona kwa crochet. Kobe, twiga, pweza mwenye kofia. Wengi mkamsifu, asanteni.

Halafu mmoja wenu akauliza kama kuna mwanaume mwenye akili timamu anayeweza kukaa chini akashona mdoli.

Nimesoma hiyo comment, nikavaa miwani, nikaisoma tena.

Yupo. Tena alianza kabla baba yako hajazaliwa.

Mwisho mwisho wa miaka ya hamsini nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Kabazi. Shamba la pareto. Kwa vijana ambao hawajaiona, pareto ni maua meupe yanayochumwa, yanakaushwa, yanakwenda kutengenezewa dawa ya wadudu. Wazazi wetu walitoka magharibi kutafuta kazi huko, kwa hivyo kwenye nyumba za wafanyakazi tulikuwa Waluhya wengi.

Nilikuwa na mke, Nafula, na mtoto mmoja wa kike, Nekesa. Nekesa alikuwa ndio anajifunza kutembea wakati nilipoanza kukohoa damu.

Nikapelekwa hospitali Nakuru, wodi ya kifua. TB. Nikakaa huko mwaka na miezi kadhaa. Siku hizo TB ilitibiwa kwa sindano na kulala. Sindano ilichukua dakika moja, kulala ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Nesi wetu aliona tunaelekea kuchizi, akaleta nyuzi za sweta kuukuu zilizofumuliwa, na sindano za crochet zenye ndoano. Akasema mikono ifanye kazi, kifua kipumzike.

Wanaume ishirini wodini tukaangalia ukutani.

Kitanda cha pili kutoka changu alikuwa Bakari, fundi wa kofia, wa familia ya Kiislamu pale mjini. Yeye alichukua uzi bila maneno, akaanza.

Nikamwambia, "Bakari, hiyo ni kazi ya wanawake."

Akasema, "Kwetu kofia hushona wanaume, na sijamwona aliyenyonyesha."

Nilifikiria jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu nikaomba uzi.

Wakuu, sitawadanganya, niliipenda. Unaanza na kitanzi kimoja, unazunguka, unaongeza, unapunguza, na kitu kinatokea ambacho hakikuwepo. Mpira wangu wa kwanza ulifanana na kiazi. Wa tano ulikuwa mpira.

Halafu nikaanza sungura wa kijivu. Sababu yake ilikuwa moja. Nafula alinitembelea mara chache sana, maana ilikuwa Emergency, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, na ruhusa ya kusafiri haikupatikana hivi hivi, na watoto hawakuruhusiwa wodini. Nekesa alikuwa anakua bila kuniona. Nilitaka kurudi na kitu mkononi.

Sikio la kushoto lilitoka fupi. Nesi alinidunga sindano katikati ya mstari, nikapoteza hesabu.

Siku ya kutoka nilipewa barua ya Kiingereza inayosema nimepona na siwezi kuambukiza mtu. Nikaikunja, nikamkunja na sungura ambaye bado alikuwa mtupu ndani, nikaviweka mfuko mmoja wa koti.

Nafika nyumbani, Nekesa ananiona mlangoni, anakimbilia nyuma ya mama yake. "Mama, kuna mgeni."

Nafula akamwambia huyo ni baba. Mtoto akasema, "Hapana. Mgeni."

Iliniuma kuliko sindano zote zile.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu unapoingia.

Barua ya daktari ilisema nipewe kazi nyepesi. Yule mzungu akanipa kazi kwenye draya, ile nyumba ya kukaushia pareto. Kufagia vumbi na kugeuza maua. Kwa mtu aliyetoka wodi ya kifua. Nyepesi kweli, vumbi halina uzito.

Sungura alihitaji kujazwa. Pamba sina. Na nyumba zetu zilikuwa na viroboto na kunguni, na kila mtu alikuwa anaweka pareto kidogo chini ya mkeka. Nikawaza, pareto iliyokauka ni nyepesi, inajaa vizuri, na mtoto akilala na sungura hataumwa na kitu. Nilijiona profesa.

Nikachukua makapi ya draya, nikajaza, nikachonga ndoano kutoka spoki ya baiskeli, nikafunga tumbo. Kuchukua hata makapi ilikuwa wizi, na mtu alifukuzwa kazi na nyumba siku hiyo hiyo. Lakini nani angejua?

Nikamwambia Nafula nimemnunua kwa duka la Mhindi Nakuru. Sikuweza kumwambia mke wangu kwamba nilikuwa nashona. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mnielewe.

Nekesa alimpenda sungura papo hapo. Alimpenda bila kunihusisha mimi hata kidogo. Alimbeba mgongoni kwa kitambaa, akalala naye, akala naye. Nikipita, anamgeuza uso ili nisimwangalie.

Siku ya tatu mtoto akaanza kupiga chafya. Ya nne, kikohozi. Ya tano macho mekundu, pua inachuruzika, kifua kinapiga filimbi.

Hakuna aliyetaja TB mbele yangu. Lakini majirani walianza kuchota maji kwa mfereji wa mbali. Kwenye draya wenzangu walisema hawataki kuniona hapo. Nikaambiwa nikae nyumbani kwanza.

Nikamwonyesha Nafula barua. Hakujua Kiingereza, mimi sikujua, na aliyejua alikuwa yule mzungu, ambaye hakuna mtu angemsumbua kwa sababu ya chafya ya mtoto.

Na mimi mwenyewe niliamini, wakuu. Niliamini nimetoka hospitali kuja kumuua mtoto wangu. Nikahamia kwenye stoo ya mahindi, nikawa nakula peke yangu, naogopa hata kupumua upande wa nyumba.

Mama mkwe alikuwa shamba jirani, upande wa Subukia. Aliposikia alituma watu wamchukue Nekesa. Akaondoka analia kwa sababu sungura alisahaulika kwenye mkeka.

Baada ya siku mbili habari zikaja. Mtoto amepona kabisa. Hakohoi.

Unaona ilivyonimaliza? Akiwa kwangu anakufa, akitoka kwangu anapona.

Mama mkwe akaamua. Jumatatu atapanda naye gari la moshi mpaka nyumbani magharibi, na huko atalelewa. Nafula akaja mlango wa stoo, akasimama mbali.

"Na wewe utaenda nao?" nikamuuliza.

"Wewe unataka nikae na nani?" akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli.

Ijumaa hiyo niliingia nyumbani, hakuna mtu. Nikamwona sungura. Nikamkumbatia, nikaweka uso wangu pale alipokuwa anaweka uso wake.

Nikapiga chafya kumi na moja. Macho yakawasha, pua ikafunguka.

Nikakaa chini. Nilikuwa nimemaliza zaidi ya wiki sijaingia draya, na hiyo chafya niliijua. Ilikuwa mafua ya pareto. Kila mtu wa draya alikuwa nayo, ndiyo maana hakuna aliyeiona kuwa ugonjwa. Na kwa kuwa sungura alikuwa wa dukani, hakuna aliyewaza kuhusu tumbo lake.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu kumrudisha mtoto ilibidi niseme vitu vitatu. Nilimdanganya mke. Niliiba pareto. Na mimi ni mwanaume ninayeshona wanasesere. Nitawaambia ukweli, cha tatu ndicho kilinitisha zaidi.

Tena kwetu mtu hasemi na mama mkwe. Hamwangaliani, hampeani mkono, hampokezani kitu. Unahitaji mtu wa katikati. Na mtu wa katikati wa kufaa alikuwa mmoja tu, Mzee Barasa, kaka yake mama mkwe.

Mzee Barasa alikuwa nyapara wa shamba letu. Kazi yake kubwa ilikuwa kushika wezi wa pareto.

Nikamwomba anisindikize bila kumweleza sababu, na Jumapili baada ya kanisa tukaenda kwa mama mkwe. Boma limejaa watu waliokuja kuaga. Mama mkwe yuko ndani ya jikoni, haonekani. Mimi nimesimama kando ya ghala, nimempa mgongo. Barasa katikati. Nafula kwenye kivuli, amembeba Nekesa.

"Mwambie mama mtoto hana TB. Ni pareto."

Kutoka kwangu mpaka jikoni ni hatua kumi na tano. Mama alikuwa amesikia kila neno. Barasa akageuka akarudia hata hivyo.

"Anasema mtoto hana TB. Ni pareto."

"Muulize pareto imefikaje kwa mtoto."

"Anauliza pareto imefikaje kwa mtoto."

"Iko kwa tumbo ya sungura," nikasema.

"Sungura ya duka?" Hiyo Barasa aliuliza mwenyewe, haikutumwa.

"Si ya duka. Ni mimi nilishona."

Mtu mmoja karibu na ua alicheka. Sikugeuka. Nilihisi macho ya Nafula kwenye shingo yangu.

Kutoka jikoni sauti ikasema, "Mwambie maneno ni rahisi."

Basi nikatoa sungura kwenye koti, nikatoa kisu, nikampasua tumbo mbele ya boma zima. Maua makavu yakamwagika. Nikampa Barasa ampelekee mama anuse.

Hatua kumi na tano. Barasa alipiga chafya ya kwanza hatua ya nne. Ya sita akasimama kufuta macho. Alipofika mlangoni hakuweza kusema mama ananusishwa nini, akanyoosha mkono tu. Halafu jikoni ikalia chafya moja kubwa, ya mtu mzima, ikafuatwa na nyingine.

Na hapo ndipo nikasikia mtoto anapiga kelele.

"Baba! Baba, usimuue! Baba!"

Nikageuka. Nekesa alikuwa ananyoosha mikono kutoka kifuani kwa mama yake. Alikuwa ananiangalia mimi, analia, ananiita jina ambalo alikuwa amekataa kuniita tangu nirudi.

Wakuu, nililia mbele ya wakwe. Sioni haya kuandika.

Nikaomba maji kwenye ndoo, nikamfua sungura. Hiyo haikusaidia, kwa mtoto nilikuwa nimemchinja na sasa namzamisha. Nikamwanika kwenye ua. Nekesa akakaa chini yake kumlinda dhidi yangu.

Alipokauka, Barasa akatoka jikoni amebeba mto. Mto wa kulalia wa mama mkwe mwenyewe, umefunguliwa upande mmoja, pamba inaonekana.

"Anasema ujaze na hii."

Nikakaa kwenye kigoda, nikatoa ile spoki, nikashona. Wanaume wote wananitazama. Yule aliyecheka alisogea karibu, na baada ya muda akauliza ile kona nazungushaje.

Nekesa alikuja polepole. Akashika sikio fupi kwa mkono mmoja, na goti langu kwa mkono wa pili, kuhakikisha nafanya kazi vizuri. Hakuondoa mkono mpaka nikamaliza.

Barasa akatumwa mara ya mwisho. "Mama anasema sikio moja ni fupi."

"Mwambie najua."

Hakuna aliyepanda gari la moshi Jumatatu. Nafula alirudi nyumbani nami, na karibu na mlango akasema, "Ungeniambia tu. Ningekucheka siku moja ikaisha."

Kuhusu wizi, Barasa alisema hakusikia vizuri ile sehemu ya pareto kwa sababu alikuwa anapiga chafya. Jumatatu hiyo alinitoa draya akanipeleka kwa ng'ombe. Kifua changu kilishukuru.

Miezi miwili baadaye akaja tena, mzito, kama ameleta habari za msiba. Mama mkwe anauliza kama ninaweza kushona kuku.

Nilichojifunza: mkishona toys, jazeni pamba. Na kama umemfanyia mtu kitu kwa mikono yako, sema ni wewe. Mimi nilificha kazi nzuri kwa aibu, karibu nipoteze mtoto kwa ajili ya jina la duka la Mhindi.

Nekesa sasa ni bibi. Ndiye mama wa huyo mjukuu wa Section 58. Sungura anaye kabatini. Tumboni ana mshono mbaya, maana siku ile nilishona nikitazamwa na boma zima, na nimeomba mara nyingi niufumue niushone upya.

Anakataa. Anasema hapo ndipo alipomjua baba yake.

Haya, ndugu yangu uliyeuliza swali, uwanja ni wako. Na wengine mliowahi kushona, kufuma au kuficha kitu mlichotengeneza, semeni. Nitawasoma wote, polepole, na miwani.