Mgongo wa Fundi

Mimba mbili za fundi cherehani zilitoka kabla ya wakati kwa kosa lilelile, na kosa lenyewe ni la watu wa kazi yake. Mgongo ulipomuuma, alisema ni mashine. Na kweli, nani anashinda ameinama akishona asiumwe kiuno? Alimeza vidonge, akamalizia sare za watu, na alipofika hospitali mambo yalikuwa yameshaharibika.

Mimba ya tatu ilipoingia, mlango wake wa kizazi ukaonekana dhaifu. Ukashonwa usifunguke kabla ya siku, naye akapewa dawa ya kutuliza kizazi.

“Haya, leo fundi naye kashonwa,” mkunga alimtania. “Ila dada yangu, mgongo ukiuma usiisingizie mashine. Njoo.”

Aliporudi nyumbani akaifunika cherehani kwa shuka. Hakuna aliyemwamuru. Alitaka siku mgongo ukiuma asiwe na cha kusingizia.

Kumbe wateja ndio waliokuwa wageni wake. Walikuja kupimwa viuno, wakamwachia umbea wa mtaa mzima. Sasa walimsalimia juu juu, vitambaa kwapani, wakielekea kwa fundi mwingine. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mume wa kwenye simu. Basi fundi akawa anashinda akisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani, na jirani akiizima anabaki na ukuta. Upweke ulimkaba hasa.

Mchana mmoja kiuno kikaanza kuvuta, kikaacha, kikavuta tena. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la vidonge. Akaitupia jicho mashine. Shuka lilikuwa limeshika vumbi. Akalirudisha kopo, akavaa kandambili, akafunga mlango, akaenda kutafuta teksi peke yake, akitembea huku ameshika kuta za watu.

“Safari hii umewahi,” mkunga alimwambia. Akachomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, akapewa dawa ya kuzuia uchungu, akalazwa. Jioni kiuno kikatulia.

Saa ya kuona wagonjwa, vitanda vya wenzake vilizungukwa na mama, shangazi na mawifi. Kwake hakuja mtu. Akageukia dirishani ili asionwe akilia. Simu ikaita.

“Pole, mke wangu. Nani yuko na wewe hapo?”

Fundi aliweka kiganja tumboni, akangoja mpaka kikasukumwa.

“Mwanao,” alisema. “Bado yumo.”