Mahali Gari Lilipokwaruzika

Mama mkwe wangu, Hyeon Gap-sun, ana miaka sitini na sita, na sijapata kumwona akiketi mpaka chai yake ikaisha. Huinuka kikombe kikiwa nusu ili akaangalie kitu: sufuria, mbwa, au mawingu juu ya mlima Halla. Alijifunza kuendesha gari baada ya baba mkwe kufariki. Alifeli mtihani mara nne, na mara ya tano msimamizi alimpitisha huku akimsihi aache kuwasalimu watu kwa honi. Ndipo akanunua gari dogo la umeme ambalo watalii walikuwa wamelikodi miaka mitano mfululizo hapa kisiwani Jeju, akawa analitumia kuwapelekea chakula cha mchana wafanyakazi wa mabanda matatu ya kufungashia machungwa.

Asubuhi moja ya Aprili alirudi nyumbani na mfuko wa machipukizi ya kangaga, mmea wa porini unaoliwa ukiwa mchanga, buti zikiwa na matope, na taa nyekundu ikiwaka mbele ya usukani. Nilimpeleka kwa wakala wa gari mjini. Kijana wa mapokezi, mtu wa bara kama mimi, aliliinua gari akatuonyesha tumboni mwake mkwaruzo usiozidi urefu wa kijiti cha kulia wali, na pembeni mbonyeo mdogo.

"Hapa ndipo betri ilipo, mama. Kifuniko kikibonyea, tumeamriwa kubadilisha betri nzima."

"Nzima? Kwa kamstari haka?"

"Nzima. Woni milioni ishirini na nne."

Gari lenyewe alilinunua kwa milioni kumi na moja. Mama mkwe alilizunguka mara mbili, kisha akalipiga teke gurudumu.

"Sufuria yangu ina mbonyeo mkubwa kuliko huu na bado inapika wali."

"Sufuria hailipuki, mama."

"Kwa bei hiyo mngenibadilishia na magoti. Si mchukue nyundo mkakinyoosha tu?"

Kijana aliinamisha kichwa kwa adabu. Nyundo hawakuwa wakiruhusiwa, na dhamana ya betri haikuhusu mawe. Mafundi wa mitaani nao, tulipowapigia, walisema betri hawaigusi.

Kumbe bima ingelipa. Mkaguzi wa bima, Bwana Bu Seong-ho, alipiga simu jioni ile ile kwa sauti ya upole. Alihitaji jambo moja tu: mahali pa ajali, na picha ya jiwe.

"Uligonga wapi, samchun?" Hivyo ndivyo kisiwani wanavyomwita mkubwa yeyote, mwanamume au mwanamke.

"Kwenye jiwe."

"Jiwe liko wapi?"

"Lilikuwa chini ya gari."

"Samchun, tafadhali."

"Kisiwa kizima ni mawe, mwanangu. Chagua lolote zuri upige picha."

Akakata simu. Mimi nilielewa, kwa kuwa nimeolewa huku miaka sita. Watu wa Jeju watakuonyesha kaburi la babu yao na hata mahali walipoficha hati ya shamba, lakini mahali wanapochuma kangaga hata mkwe haonyeshwi. Mama yake baba mkwe alikufa na mahali pake moyoni. Mama mkwe alizunguka miteremko miaka tisa akichuma masalia ya wengine, mpaka alipopata bonde lake mwenyewe, na kila mwaka kangaga za tambiko la mababu hutoka humo. Husema mababu wakishashiba huzitumia kangaga kama kamba, wafunge mzigo wa chakula waondoke nao. Kangaga za sokoni, anasema, zitakatika njiani.

Basi alikuwa amebanwa. Bila kupataja mahali, hakuna gari. Bila gari, bondeni hafiki, na mabanda matatu yanamsubiri. Akipataja, si pake tena.

Mvua za Aprili zikaanza, zile zinazoyakuza machipukizi usiku mmoja. Yakifunguka majani hayaliki. Mama mkwe alipanda juu ya paa akautazama mlima, akashuka, akapanda tena. Chakula cha mabandani alikipeleka kwa basi, sufuria mapajani. Alimenya vitunguu hata tusivyovihitaji.

"Mama, keti kidogo," nilimwambia.

"Nikiketi mimi, kangaga nazo zitaketi?"

Siku ya nane alimpigia Bwana Bu mwenyewe. "Njoo kesho. Njoo peke yako, na usije na buti, huji kuchuma."

Niliwapeleka kwa gari la mume wangu mpaka lami ilipokwisha. Hapo mama mkwe aliniamuru nizime injini.

"Wewe baki. Tazama baharini."

"Mama, mgeni anaonyeshwa, mimi nitazame bahari?"

"Mgeni analipa betri. Wewe unalipa nini?"

Nilitazama bahari. Nyuma yangu nilisikia miiba ikikwaruza nguo, na sauti yake ikipanda: "Macho kwenye jiwe, mwanangu! Jiwe liko chini, unatafuta nini huko?" Bwana Bu alijibu kitu, na mama mkwe akamwuliza kama mama yake yu hai na kama huchuma kangaga. "Yu hai, na huchuma," alisema Bwana Bu. Aliporudi, viatu vyake vya ofisini vilikuwa vimelowa, na hakuinua uso mpaka tulipofika mjini.

Bima ikakubali, na gari likarudi baada ya siku kumi likiwa na betri mpya. Mama mkwe hakulifurahia hata kwa muda wa nusu kikombe cha chai. Alfajiri iliyofuata aligonga mlango wetu, mkononi ana buti mbili za ziada.

"Amka, vaa hizi. Yule kijana wa bima ana mama anayechuma."

"Mimi, mama? Niende nawe?"

"Mikono minne inachuma upesi kuliko miwili. Na mumeo usimwambie, mdomo wake ni redio."

Safari hii aliliacha gari kwenye lami, mbali na mawe, tukapanda kwa miguu. Alikwenda mbele karibu anakimbia, akisimama kila hatua chache kusikiliza. Tulipofika penye jiwe lenye alama nyeupe ya rangi ya gari, alinishika mkono. Chini barabarani tulisikia mlango wa gari jingine ukifungwa.

"Inama," alininong'oneza, "na uchume."