Mvua ya Kisiwa cha Mwanangu

Kwa karibu miaka miwili niliwakatalia watu, sasa nakiri: kila alfajiri, kabla hata sijatia udhu, nilifungua simu kuangalia hali ya hewa ya kisiwa ambacho sijawahi kukikanyaga.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kiko peke yake mbali kusini, na ndege hutua huko mara moja kwa wiki, upepo ukiruhusu. Binti yangu alikwenda kufanya kazi ya uuguzi kwa mkataba wa miaka miwili. Majirani zangu wa mtaa wa Kabiria niliwaambia kwamba arudi asirudi ni shauri lake. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma chuo kikuu, na wakaniamini.

Aliyenishuku ni mwenye duka la kuchapa kule mjini, River Road, mtu wa pwani kama mimi. Siku moja nilikuwa kwake nikisahihisha makala, simu nimeilaza juu ya karatasi.

"Mwalimu, kwa mtoto leo vipi?"

"Naangalia saa."

"Saa ina mawingu?"

Kila Jumapili nilimpigia binti yangu nikiwa nimejiandaa. Nguo umeanua? Alasiri kuna mvua. Sweta umevaa? Julai ilipofika, nikiwa nimejikunyata kando ya jiko la makaa, niligundua kwamba huko nako ni miezi ya baridi. Nilifurahi kama mjinga, kana kwamba tumejifunika blanketi moja.

Halafu Jumapili moja, mkataba ukiwa umebakiza mwezi, akacheka.

"Mama, mvua unayonisomea ni ya uwanja wa ndege. Uwanja uko juu mlimani, kwenye ukungu. Mimi nakaa bondeni. Huku ni jua na vumbi."

"Kumbe nakuhurumia bure?"

"Tangu nije. Sikutaka kukuharibia raha yako."

Na mimi ni yule yule ambaye mara nyingi nimetoka kazini Upper Hill nimelowa chepechepe, nikafika Kabiria nikakuta nguo zangu zimekauka kambani. Nilipaswa kujua kwamba mvua ina mipaka yake. Lakini aibu haikuwa shida. Shida ni kwamba nilibaki na simu sikioni, sina swali lingine la kumuuliza.

Nililibeba hilo siku tatu. Jumatano nikampigia. Kwa kuwa haikuwa siku yetu, alishtuka.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nataka urudi nyumbani."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoondoka."

"Na mimi nimengoja muda wote huo uniambie. Kila ukipiga ni sweta na nguo za kuanua. Nikajua umeshazoea." Akavuta pumzi. "Jana nimesaini miaka miwili mingine."

Nikamuuliza, msomi mzima, kama sahihi haiwezi kufutwa. Akasema haiwezi. Kisha, kwa kuwa sikumlea kusema uongo, akaongeza kwamba hata ingewezekana hana hakika angeifuta. Wagonjwa wake wameshamzoea. Nikasema nimeelewa.

"Lakini usiache kuniambia," akasema. "Hata kama siji."

"Rudi," nikamwambia.

"Eeh, mama. Nasikia."