Arvil, Neno Alilotunga Baba Yake

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi shemeji yangu alipompiga binti yangu kofi katikati ya migomba, kwa sababu ya neno moja: arvil.

Usilitafute kwenye kamusi. Mume wangu alilitunga. Alisoma Kijerumani sekondari, kikamwingia, akaanza kuunda lugha yake ya kufanana nacho huku akipalilia miwa ya watu. Nilimcheka. "Sasa utaongeanga na nani?" Akasema ataongea na mtoto. Na kweli, binti alipoanza shule walikuwa wanataniana nayo kutwa, mimi niko kando nasonga ugali kama mgeni.

Mume wangu alipougua, alitunga neno la urithi. Akajikokota na mtoto hadi kwenye migomba iliyo kati ya nyumba na kijito, akamtia udongo mkononi, akasema, "Arvil." Mimi nilikuwa hapo hapo, nimemshika kiuno asianguke.

Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, ukoo ulipoketi kugawa alichoacha, mzee aliuliza kama marehemu alisema shamba liende kwa nani. Shemeji akajibu kwamba hakusema, kwa hiyo ni lake, yeye ndiye mkubwa. Mwingine akatania kwamba hata mjane yumo kwenye hesabu ya kurithiwa. Wakacheka. Binti akasimama, akasema arvil. Nikawaeleza maana yake.

"Shemeji, hayo ni mapepo," akaniambia yule mkubwa. "Urithi tunautajanga kwa lugha ya nyumbani."

Hakuna aliyenitetea. Hata mama mkwe aliangalia miguu yake.

Ndipo asubuhi ile shemeji akaja na panga, akate migomba apande miwa. Mtoto akamzuia kwa neno lile lile. Kofi. Nilimpokonya panga, nikalitupa kijitoni.

Jioni binti hunisemesha kwa lugha yao. Najua maneno machache, nayo nayakosea. Ananiangalia, halafu anaacha.

Naibu wa chifu alinishauri niandike malalamiko bila lile neno, eti litachekesha watu. Nikaandika hivi:

"Nalalamika kwamba shemeji yangu amempiga mtoto wangu na kutaka kukata migomba yake. Marehemu alimpa shamba hilo mbele yangu, akasema arvil, yaani urithi. Tunaolijua neno hilo tumebaki wawili. Naomba mtoto aitwe, asikilizwe."